Shangazi, nikimrudisha baba kijijini nitakuwa nimefeli?

Shangazi, shikamoo.

Naomba jina langu usilitoe. Ndugu zangu wote wanaisoma safu hii, tena mdogo wangu ndiye aliyenionyesha.

Nina miaka 41, naishi Morogoro na mume wangu na watoto wawili. Wa kike yuko kidato cha pili, wa kiume ana miaka 11. Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni Dar es Salaam na Tunduma, kwa hiyo wiki nyingi nyumba naishika mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, zaidi sare za shule. Hilo la kushonea nyumbani ndilo lililoniponza.

Baba yetu ana miaka 71. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi huko kwetu Njombe, asubuhi, akiwa anafungulia mbuzi. Upande wote wa kulia ukalegea na ulimi ukawa mzito. Alipotoka hospitali tukakaa kikao ndugu watatu, na kikao chenyewe hakikufika nusu saa. Kaka yetu mkubwa yuko Dar es Salaam, ni mwajiriwa. Mdogo wangu yuko Mbeya, anafundisha. Kaka akanigeukia akasema, "Mama, wewe si uko nyumbani?" Ananiita mama kwa sababu nimerithi sura ya marehemu mama yetu. Basi, ikawa imepita. Wao wakaahidi kila mmoja shilingi 50,000 kwa mwezi. Zilikuja miezi mitatu. Siku hizi nikiweka risiti ya dawa kwenye grupu la familia najibiwa kwa emoji za mikono ya kuomba.

Shangazi, baba si mtu mwepesi, wala hakuanzia kwenye kiharusi. Mwaka 1978 alikwenda vita vya Kagera akiwa mwanamgambo. Mama alikuwa akisema aliyekwenda na aliyerudi ni watu wawili. Sisi tumemkuta huyo wa pili. Tulikuwa tukisikia kikohozi chake njiani, nyumba nzima inanyamaza. Nilipofaulu kwenda sekondari alisema hasomeshi mke wa mtu, na ni mama aliyenilipia kwa kuuza ulanzi, pombe ya mianzi. Tusi lake kubwa lilikuwa "mbwa wewe". Hilo lilikuwa kama jina langu la pili.

Sasa ninamwogesha, ninamlisha, ninampeleka chooni saa nane usiku. Kuongea kumerudi nusu nusu, na lililorudi kwanza likiwa safi kabisa ni lile lile, "mbwa wewe". Jina langu hajalitamka tangu augue. Lakini usiku anaimba nyimbo za kanisani kwa Kibena, ubeti kwa ubeti, hakosei neno. Ndiyo maana najua anaweza, hataki tu.

Mwaka jana nilikwenda semina ya akina mama kanisani. Mwalimu alitufundisha kwamba mtu anayekusumbua ni mwalimu uliyetumiwa, na ukimkimbia utakutana naye tena kwa sura nyingine mpaka ulielewe somo. Yalinigusa sana. Nilinunua daftari, kila ninapoumizwa naandika somo nililopata. Nimefika somo la 41, sawa na umri wangu. Nakunakilia machache:

Somo la 3: Asiyeshukuru anakufundisha kutenda bila kungoja shukrani.
Somo la 9: Ukitukanwa hesabu mpaka kumi kabla ya kujibu, halafu usijibu.
Somo la 17: Kinachoumia ni kiburi changu, mimi siumii.
Somo la 26: Kulala kidogo kunatosha.
Somo la 38: Na wasiosaidia nao ni walimu.

Nilijiona nakua. Watu kanisani wananiita nishuhudie. Halafu mwezi uliopita likatokea hili.

Asubuhi nilikuwa nampa baba uji wa ulezi. Akautema, akapiga kikombe kwa mkono wake wa kushoto, uji wote ukaniishia kifuani. Mwanangu wa kiume alikuwa mlangoni na begi la shule, akacheka. Si kwa ubaya, kicheko cha mtoto kikimtoka tu. Nikamgeukia nikasema, "Mbwa wewe, unacheka nini?" Shangazi, haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya baba, hata ule mkato wake. Mtoto alinitazama kama mimi nilivyokuwa nikimtazama baba. Akatoka, akaenda kusimama nyuma ya simtanki la maji uani. Masomo 41, na hilo ndilo lililonitoka.

Wiki hiyo hiyo kaka akapiga simu. Anasema tumrudishe mzee kijijini, tuuze miti ya paina aliyopanda, tutafute kijana wa kumwangalia. Mdogo wangu anasema kaka anaitaka miti. Mume wangu anasema, "Mimi sisemi kitu, ni baba yako," na kwa jinsi anavyolisema, amesema. Mimi moyo ulishangilia kusikia "tumrudishe", kisha ukaniogopesha. Baba alipowasikia wakiongea kwenye simu alisema neno moja, "laana", wazi kabisa.

Nikimwachia aende, si nitakuwa nimekimbia mwalimu? Akifia huko, radhi nitaipata wapi? Na akibaki, nani ataniambia kesho nitamwambia nini mwanangu?

Mwanafunzi aliyechoka, Morogoro


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Nimebadilisha mambo mawili matatu kwenye barua yako ili wa Mbeya asikutambue, ingawa kwa jinsi ndugu wanavyojuana sikuahidi kitu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Kwa juu unaniuliza juu ya safari ya Njombe. Ndani yake kuna jambo lingine: umejiweka darasani, baba yako ni mwalimu, na unaogopa kwamba kumpeleka kwingine ni kufeli. Kisha siku ya uji ukajipa alama sifuri. Naomba tuanzie hapo, kwenye hilo darasa, kabla hatujafika kwenye basi.

Sitaki kumpinga mwalimu wa semina yako. Ni kweli watu wagumu hutufunza, na wewe mwenyewe umeshuhudia. Ila yapange hayo masomo matano mezani uyatazame kama unavyotazama vipande vya kitambaa kabla ya kukata. Usingoje. Usijibu. Huumii. Usilale. Usidai. Yote yanakuelekeza upande mmoja, wa kujipunguza. Sijaona somo hata moja linaloanza na "nilisema", au "niliomba", au "nilikataa". Labda yamo kwenye hayo 36 ambayo hukuninakilia. Lakini uliponichagulia uliyoyaona bora, ulichagua haya. Na somo la 26, mwanangu, samahani, hilo ni dalili. Daktari akiliona ataandika kitu.

Nakuuliza tu: haya masomo umeyapata miaka hii miwili, au ulikuja nayo kutoka Njombe? Maana binti anayesikia kikohozi njiani akanyamaza, kuhesabu mpaka kumi na kutojibu alikwisha kuhitimu akiwa na miaka saba. Inawezekana daftari halikufundishi jipya. Inawezekana linakupa vyeti kwa kile ulicholazimishwa zamani.

Somo lililokuwa jipya kweli ni lile ulilolipata mlangoni, na hukulipa namba. Ulijisikia ukitoa sauti ya baba yako. Wapo wanaoitoa sauti hiyo miaka arobaini bila kuisikia, na baba yako pengine ni mmojawapo. Wewe uliisikia palepale, uji ukiwa bado unachuruzika. Sijui kwa nini hilo umelihesabu kuwa kufeli.

Sasa mzee mwenyewe. Kuna mambo matatu umeyafunga katika kitenge kimoja, naomba tuyafungue: ugonjwa, tabia, na historia.

Ugonjwa kwanza, maana hapo ndipo nadhani umemhukumu kwa kosa ambalo huenda si lake. Kwa watu wengi, upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza maneno, na huo huo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Kwa hiyo kiharusi kinachompiga mtu kulia mara nyingi hugusa na kusema. Na maneno hayapotei sawasawa. Majina ya watu na ya vitu ndiyo humponyoka mgonjwa kirahisi: anakujua wewe ni nani, anakuona, jina lako liko pale mdomoni na halitoki. Lakini vile vitu ambavyo ulimi umevirudia maisha yote mpaka vinajiendea vyenyewe, kama salamu, sala, kuhesabu, nyimbo na matusi, huwa vinabaki. Madaktari wa kiharusi wanalijua hili vizuri. Mtu asiyeweza kuomba maji anaweza kuimba wimbo mzima. Kwa hiyo ulipoandika "najua anaweza, hataki tu", nilisimamisha kalamu. Huenda hawezi. Huenda anatafuta jina lako kila asubuhi na mkono wake unaangukia kwenye tusi, kwa sababu ndilo lililo karibu.

Sikuambii hili ili ulione tusi kuwa tamu. Mtu ambaye angekuwa amekuita "mwanangu" miaka yote hiyo, pengine leo hilo ndilo lingemtoka. Kwamba kilichobaki ghalani ni "mbwa wewe", hilo ni lake.

Na uji. Wagonjwa wengi wa kiharusi hupata shida ya kumeza, na cha majimaji ndicho huwapalia zaidi ya kizito. Huenda alitema kwa sababu ulikuwa unashuka njia siyo. Huenda pia alichoka kulishwa, mwanamume aliyewahi kubeba bunduki, leo anawekewa kikombe mdomoni na binti yake, mjukuu akiwa mlangoni. Mkono wa kushoto umepiga kikombe kwa sababu ndio unaofanya kazi. Upe kazi. Mkalishe wima, sio kuegama, mpe kikombe chenye mpini kilichojaa nusu, aumwage mwenyewe akitaka kuumwaga. Lakini kabla ya hapo mpeleke apimwe namna anavyomeza, na uwaulize wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa usemi kama wapo hospitali ya mkoa. Waulize pia habari ya sonona. Takriban mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huingia katika huzuni nzito ya kiugonjwa, na kwa wanaume wa umri wake huzuni hiyo mara nyingi huvaa nguo za hasira. Ina dawa.

Nikiwa hapo hapo hospitali: wewe presha umepima lini? Baba ana kiharusi, wewe una miaka 41, hulali. Hilo nalo lina foleni yake, lipangie.

Historia. Mama yenu aliona mbali. Vijana wa vijijini walichukuliwa mwaka 1978, wengine wakafika mpaka Kampala iliyoangushwa Aprili 1979, wakarudi kulima kama waliokwenda sokoni. Mtu anaweza kurudi na vita ndani. Kulijua hilo kunakusaidia usiamini tena kwamba yule mtu alikuwa mkali kwa sababu wewe ulikuwa mbaya. Ila usilitumie kumfutia kila kitu. Wengi walikwenda Kagera na hawakuwaita mabinti zao mbwa, na kukunyima ada ya sekondari hakukutokana na mzinga wowote. Unaweza kumwonea huruma na bado ukasema alinikosea. Vinakaa chumba kimoja, kwa taabu lakini vinakaa.

Sasa nikuguse pahali ambapo hukuniomba. Umeniandikia barua kuhusu mtu mgumu anayetukana. Lakini nikihesabu saa ulizopoteza na vitambaa vilivyolala, aliyekugharimu zaidi hajawahi kukutukana hata siku moja. Anakuita mama. Ugumu una sauti nyingi, na ile ya upole ndiyo tunayochelewa kuisikia. "Mama, wewe si uko nyumbani?" ni sentensi iliyomaliza kikao cha kugawana mzigo wa miaka kwa maneno matano, na hakuna aliyekohoa. Fundi aliye nyumbani yuko kazini. Kwani nyie wa cherehani mkikaa mnapumzika?

Na hapa nitasema kwa upole, ukasirike tu ukitaka. Hicho kiti cha "mwenye moyo" nacho kina utamu wake. Kanisani unaitwa kushuhudia. Kwa ndugu wewe ndiye mama aliyebaki. Binti aliyeitwa mbwa akakua akawa mtakatifu wa familia, nani angependa kushuka? Sisemi unafanya kwa sifa. Nasema tu, kama sehemu ya hofu yako ya kumwachia mzee ni hofu ya kubaki bila hicho kiti, ni vizuri uijue kwa jina, maana hofu hiyo haihitaji safari ya Njombe kupona.

Kuhusu laana. Mimi si mchungaji wala mzee wa ukoo wenu, na sitajifanya. Nililolisikia tangu utotoni ni kwamba radhi ni ya mtu anayeelewa anachokitoa na anachokizuia. Neno moja lililomtoka mgonjwa aliyesikia kwenye simu watu wakipanga kumhamisha, tena bila yeye, mimi ningelisikia kwanza kama hofu. Nani asingeogopa? Kama moyo hautulii, nenda kwa mchungaji wako, au mpigie simu dada wa baba kama yupo hai. Shangazi wa damu ana mamlaka ambayo mimi wa gazetini sina.

Na hilo "bila yeye" ndilo lililonikaa zaidi. Katika barua nzima, kaka ana wazo, mdogo wako ana shaka, mume ana ukimya wake, wewe una hofu. Mzee hajaulizwa. Anaweza kuulizwa. Asubuhi akiwa hajachoka, redio imezimwa, kaa mbele yake, uliza fupi fupi, moja baada ya nyingine. "Unataka nyumbani Njombe?" Subiri. Subiri zaidi ya unavyodhani inatosha. Atikise kichwa, aminye mkono, aonyeshe kidole. Kesho yake muulize tena, uone kama jibu ni lile lile. Inawezekana anatamani kukaa uani kwake asikie mbuzi na mtu anayepita amwamkie "kamwene". Morogoro nzima nani anamwamkia hivyo? Wewe, basi. Na inawezekana anaogopa kufia kule na kijana asiyemjua. Vyote viwili vinabadilisha mazungumzo yenu.

Nije kwenye njia zenyewe. Sitakuchagulia.

Akienda kijijini, anapata lugha yake, mazingira yake na pengine heshima kidogo. Hatari zake ni za kila siku: nani atahakikisha vidonge vya presha havikatiki? Aliyewahi kupata kiharusi yuko kwenye hatari ya kupata kingine, na anayeishi naye lazima azijue dalili, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika ghafla, na awe na usafiri wa kumfikisha hospitali saa ileile. Kijana wa kuangalia anapatikana; kijana wa kumgeuza mzee asipate vidonda, kumvumilia akitukanwa, na kukaa Njombe baridi ya Juni na Julai bila kutoroka, huyo anatafutwa kwa taa. Na mshahara wake lazima uwe na mwenyewe. Ndugu zako wawili wameshindwa kutuma 50,000 kwa dada yao. Wataweza kwa mgeni?

Hapo ndipo miti inapoingia. Labda kaka anaitaka, labda anatafuta hela ya kumtunza baba na hajui njia nyingine, sijui, na mdogo wako naye anakisia. Lakini mtu aliye hai harithiwi. Miti ni ya mzee. Ikiuzwa, iuzwe kwa ridhaa yake, kwa maandishi, idadi na bei ijulikane, uongozi wa kijiji ushuhudie, na fedha zikae mahali ambapo zaidi ya mmoja wenu anaziona. Ukisema hivi kaka anaweza kuchukia. Anaweza pia kukubali haraka, na hilo nalo litakuwa jibu kwa mdogo wako.

Akibaki kwako, kwa namna ilivyo sasa, jibu umeshaniandikia mwenyewe. Lilisimama nyuma ya simtanki. Lakini kubaki kwa namna nyingine kupo. Msaidizi wa kulipwa hapo hapo Morogoro, mshahara ukitoka Dar na Mbeya, wewe ukiwa msimamizi badala ya kuwa mikono yote. Au zamu: mdogo wako ni mwalimu, likizo za shule anazo. Mwezi mmoja yeye aje alale kwako, au mzee aende Mbeya, ingawa kumhamishahamisha mgonjwa wa namna hii humchanganya, na dawa husahaulika njiani. Zamu pia huleta kitu ambacho fedha haileti: yule anayetuma emoji akimpeleka mzee chooni saa nane usiku mara tatu, lugha ya grupu itabadilika.

Kwa hao ndugu, ningekuwa wewe risiti ningeziacha kidogo, nikaandika saa. Chukua siku moja, Jumanne yoyote. Saa nane usiku, chooni. Saa kumi na moja, kumbadilisha shuka. Saa moja, uji. Na kuendelea mpaka usiku, na pembeni uandike sare ambazo hukushona. Usiongeze maelezo wala kisa cha mama. Uwasomee kwenye simu wote wawili wakiwa hewani, kisha useme kuanzia mwezi fulani huwezi peke yako, na uwaulize wao wanabeba saa zipi. Kisha unyamaze. Kunyamaza unakujua, safari hii kutumie kwa faida yako. Hatari ipo: utaambiwa umebadilika. Utaambiwa, "Mama angesikia haya!" Yule aliyeuza ulanzi ili wewe usome, mimi nina mashaka kama angekuwa upande wao.

Njia ya mwisho, makazi ya wazee ya serikali, wala usijisumbue, yale ni kwa wasio na ndugu.

Umeniuliza kama ukimwachia utakuwa umekimbia mwalimu. Nimelizungusha swali hili na ninabaki na swali: kama ni somo, ni lazima mwalimu alale chumba cha pili? Ulilolijua mlangoni utaishi nalo mzee akiwa Morogoro, akiwa Njombe, au akiwa ametangulia. Na kama unataka kuendelea na daftari, endelea, mimi sikunyang'anyi. Ila geuza ukurasa, andika pia siku uliyoomba msaada ukapewa, na siku uliyoomba ukanyimwa na bado jua likazama salama.

Limebaki la mtoto. Umeuliza kesho utamwambia nini. Kwetu mzazi kumwomba mwanawe radhi huonekana kama kuvua nguo njiani, na wapo watakaokwambia atakupanda kichwani. Huenda kidogo. Mimi ningemwita wakati tuna kazi ya mikono, ananishikia kitambaa nakata, tusitazamane sana, nikamwambia: lile neno niliambiwa mimi nikiwa mdogo kama wewe, liliniuma, na juzi nilikuambia wewe, nilikosea. Fupi hivyo. Usimweleze Kagera, usimweleze kiharusi, hayo yana siku yake. Akiuliza kwa nini babu anatukana, mwambie unaloliamini siku hiyo.

Na unisaidie jambo moja ukiniandikia tena, kwa kuwa naamini utaandika. Umenieleza alivyotoka na alipokwenda kusimama. Hukunieleza alikaa pale nyuma ya simtanki muda gani, wala ni nani aliyekwenda kumwita.

Shangazi